Nina Daraja la Tatu na F ya Hisabati: je, naweza kufundisha shule ya msingi?

Walimu wa safu hii, shikamooni.

Mimi ni binti wa miaka 19, naandika kutoka mkoa wa Simiyu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2024, nikapata Daraja la Tatu, pointi 23. Kiswahili nina B. Historia, Jiografia na Uraia nina C. Baiolojia, Kemia na Kiingereza nina D, na Hisabati nina F. Nilipangiwa kidato cha tano mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) ila sikwenda, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na nyumbani hakukuwa na mwingine wa kumuuguza. Sasa amepona.

Ninachotaka ni kufundisha shule ya msingi, hasa madarasa ya chini. Kaka yangu, ndiye anayetusaidia kwa fedha, anasema ualimu wa msingi ni wa waliofeli, na walimu wamejaa mtaani hawana ajira. Wakati huohuo kuna mtu anazunguka hapa senta akisema anaweza kunishikia nafasi katika chuo cha binafsi, nisome mwaka mmoja tu nipate cheti, nitoe laki tatu na nusu kwanza. Kaka yuko tayari kuuza ng'ombe.

Naomba mniambie: sifa zangu zinatosha? Nisome ngazi gani? Hiyo F itanizuia? Na nikimaliza chuo nifanyeje nisikae mtaani? Jambo la mwisho, cheti changu cha kuzaliwa kina jina la tatu tofauti na lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Sijui kama ni tatizo. Kitambulisho cha Taifa bado sijachukua.

Msomaji wenu, Simiyu.

*

Marahaba, binti yetu. Tunamshukuru Mungu mama amepona.

Kwanza ng'ombe asiuzwe. Hakuna mafunzo ya mwaka mmoja yanayomtoa mtu kidato cha nne na kumfanya mwalimu wa shule ya msingi. Astashahada ya ualimu kwa ambaye hajaajiriwa, yale mafunzo yanayoitwa tarajali, ni miaka miwili, na mtihani wake wa mwisho hutungwa na kusahihishwa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani, awe amesoma chuo cha serikali au cha binafsi. Mtu akikuahidi cheti cha haraka, anakuuzia karatasi ambayo NECTA hawaijui. Karatasi za namna hiyo zilishaumiza wengi: uhakiki wa vyeti ambao taarifa yake ilitolewa Aprili 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wana vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini. Na nafasi ya chuo haishikiwi na mtu. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hutoa tangazo la udahili kila mwaka, mwombaji anajaza mwenyewe kwenye mfumo wake kwa kutumia namba yake ya mtihani, na majibu huyaona humohumo. Chuo cha binafsi unaweza kusoma bila shaka, lakini hakikisha kimo kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa kwa mwaka unaoomba, na waulize waziwazi wanafunzi wa mwaka wa pili kama wameshasajiliwa NECTA. Wakisita kukujibu, ondoka.

Sifa zako zinatosha. Kaka yako hakuitunga kauli yake hewani: zamani hata waliopata Daraja la Nne walipokelewa vyuo vya ualimu, na watu wakazoea kuona ualimu wa msingi ni mahali pa kuangukia. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi Daraja la Kwanza mpaka la Tatu. Daraja la Tatu linaishia pointi 25, wewe una 23. Umeingia kwa mlango wa mbele, na umwambie kaka hivyo kwa heshima.

Kuhusu ngazi, njia iliyozoeleka kwa mtu wa kidato cha nne ni Astashahada, miaka miwili, na akiajiriwa anaingia kama Mwalimu Daraja la III A kwenye ngazi ya mshahara ya TGTS B. Aliyemaliza kidato cha sita anasoma Stashahada na kuanzia TGTS C. Mwenye shahada anaanzia TGTS D. Sasa, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023 inaelekea kupandisha sifa ya mwalimu, stashahada ikiwa ndiyo inayotazamiwa. Kwa hiyo soma tangazo la mwaka unaoomba kwa makini, neno kwa neno, usitegemee aliyosoma dada wa jirani miaka mitano iliyopita.

Kama tangazo linakuruhusu kuingia kwa matokeo ya kidato cha nne, omba sasa. Ukiwa chuoni au baada yake, weka mpango wa kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. HGK yako ina B na C mbili, yaani masomo matatu yenye ufaulu unaohitajika. Usiziache C hizo zikae bure, kwa sababu ndizo zitakazokupandisha hadi stashahada na shahada bila kuanza upya. Ila kama nyumbani wanaweza kukusomesha kidato cha tano na cha sita mfululizo tangu sasa, sisi tungechagua hiyo. Ni ndefu zaidi, lakini ukitoka huko utakuwa na milango mingi.

Unapochagua chuo, angalia kozi kwanza, umaarufu baadaye. Butimba, Bunda, Tarime, Shinyanga na Tabora viko upande wenu, na nauli ni jambo la kuhesabu. Lakini si kila chuo kinatoa kila kozi, na kozi hubadilishwa. Ukitaka elimu maalumu, kwa mfano kufundisha watoto wasioona au wenye ulemavu wa akili, chuo kinachojulikana ni Patandi, Arusha. Wewe umesema madarasa ya chini, basi tafuta Elimu ya Msingi au Elimu ya Awali, na jaza machaguo yako yote. Wengi hujaza chuo kimoja tu kwa kukipenda, kikijaa wanabaki nyumbani mwaka mzima.

Sasa F ya Hisabati. Chuoni haitakuzuia, kwa kuwa daraja lako limehesabiwa kwa masomo saba bora, na Hisabati haimo. Darasani ndiko itakakokukamata. Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili anafundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile KKK, hachagui. Kurudia mtihani si lazima, kurudia hesabu ni lazima. Chukua vitabu vya Hisabati vya darasa la tatu hadi la sita, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) wameviweka kwenye maktaba yao ya mtandaoni na kuvisoma ni bure, ufanye kila zoezi kwa kalamu. Ukifika kwenye sehemu na desimali ukaona unababaika, hapo ndipo palipoanzia ile F.

Tena usitosheke kupata jibu. Jifunze kuona mtoto amekosea wapi. Mpe mtoto 52 kutoa 27. Wengi wataandika 35. Mwalimu asiyeelewa anaweka mkasi na kupita. Anayeelewa anaona njia aliyopita mtoto: kwenye mamoja amekuta 2 na 7, akaona 2 haitoi 7, akageuza akatoa 2 kwenye 7 akapata 5. Kwenye makumi 5 kutoa 2, akapata 3. Mtoto huyu kutoa anajua, asichojua ni kwamba kumi moja linaweza kufunguliwa likawa mamoja kumi. Hapo hapaponi kwa kurudia kanuni ya kukopa kwa sauti kubwa. Mpe vifungu vitano vya vijiti kumi kumi vilivyofungwa kwa kamba, na vijiti viwili vya peke yake. Mwambie akupe 27. Atatoa vifungu viwili, kisha atakwama kwenye saba. Usimsaidie haraka. Mwache afungue kifungu mwenyewe, ahesabu vijiti 12, atoe 7, abaki na 5, na vifungu viwili pembeni. Akishafanya hivyo mara tatu nne, ndipo umwonyeshe ubaoni kilekile alichofanya kwa mikono. Ukipeleka ubaoni kabla ya vijiti, utarudia somo hilo mpaka mwezi uishe.

Kusoma ndiko kwenye uzito zaidi, na tungependa uende chuoni ukiwa tayari unalijua hili. Kiswahili kinamrahisishia mwalimu: herufi inasomwa kama ilivyo, silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu. Kwa sababu hiyo watu hudhani kazi ni kuimbisha ba, be, bi, bo, bu mpaka darasa zima litikisike. Mtoto anayeimba hasomi, anakumbuka wimbo. Ili umjue, onyesha silabi bila mpangilio: gusa bo, kisha mi, kisha ba. Au badilisha irabu moja katika neno alilozoea kuliona chini ya picha, mama liwe mamo, neno lisilo na maana. Akisema mama, ujue anasoma picha. Fundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake, maana mtoto aliyekariri em na a hawezi kuziunganisha zikawa ma. Anza na sauti zinazovutika kama m, s na l, ambazo unaweza kuzinyoosha mmmm-aaa mpaka zikutane. Ukianza na b au k, sauti inakatika kabla haijafika kwenye irabu na mtoto hasikii kilichounganishwa.

Baada ya hapo ndipo zije herufi mbili zinazotoa sauti moja kama ch, sh, th na dh, halafu ng na ng' zinazowachanganya hata wakubwa, na mwishoni kabisa silabi nzito kama mbwa na nywe. Huko kwenu utakutana na watoto wengi ambao Kisukuma ndicho walichonyonya, na r kwao inatoka kama l. Mtoto akisoma "kalatasi", tenganisha mambo mawili. Kama amegusa r kwa kidole na kutamka l, amesoma sawa, ulimi ndio bado, usimvunje moyo mbele ya wenzake. Kama ameandika l kwenye imla, hapo fundisha, kwa kuwa kura na kula si kitu kimoja.

Chuoni utapitia saikolojia ya elimu, falsafa, upimaji na mbinu za kila somo. Yote yana maana, lakini kitakachokupima kweli ni mazoezi ya kufundisha, ambayo wanachuo huyaita BTP. Utapelekwa shule, utapewa vipindi, na wakufunzi watakuja kukaa nyuma ya darasa na fomu mkononi. Wengi hukosea kuanzia kwenye karatasi. Katika andalio la somo wanaandika lengo kuwa "mwanafunzi aelewe silabi". Kuelewa hakuonekani. Andika kwamba ifikapo mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kusoma maneno sita kati ya manane yenye silabi za m na s. Hilo linapimika, na wewe mwenyewe utajua kama somo limefika.

Kosa la pili ni muda. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Mwanachuo anaanza na wimbo wa dakika kumi kwa kuwa watoto wameufurahia, maarifa mapya yanachukua kumi na tano, na zoezi linabaki na dakika tano, ambazo zinaishia kwenye kugawa daftari na kuchonga penseli. Utangulizi usizidi dakika nne au tano. Zoezi lipate angalau kumi, na penseli zichongwe kabla kengele haijalia. Andalio lizae somo lako mwenyewe. Usinakili maandalio yanayouzwa steshenari, maana mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulianza kutumika Januari 2024 kwa kuanzia na darasa la awali, la kwanza na la tatu, na mengi ya yale yaliyo mtaani ni ya mtaala wa zamani. Mkufunzi anaigundua mada iliyohamishwa kwa kuitazama tu.

Kisha kuna idadi. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa ya chini yamefurika, na kukuta watoto 100 katika chumba kimoja si ajabu. Madaftari 100 kwa dakika moja kila moja ni saa moja na dakika arobaini, kwa zoezi moja tu. Ukijaribu kuyasahihisha yote kila siku utaacha kuyasahihisha kabisa. Zunguka na kalamu nyekundu wakati watoto wanaandika, sahihisha safu mbili za madawati hapohapo mbele ya mtoto, kesho safu mbili nyingine, na uweke alama kwenye daftari lako nani bado. Kwa kusoma, chagua watoto watano kila siku wakusomee mmoja mmoja mezani kwako, wenzao wakiwa na kazi ya kunakili. Kwa siku 20 za shule umewasikia wote 100. Watoto wanaokaa nyuma kimya ndio unaowapata kwa njia hii, na hao ndio hufika darasa la nne hawajui kusoma.

Zana zisikutishe. Vizibo vya soda, vijiti 100 vilivyofungwa kumi kumi, maboksi yaliyokatwa kuwa kadi za silabi na mfuko wa kiroba uliofunguliwa na kuandikwa kwa makapeni vinatosha mwaka mzima. Mwandiko wa ubaoni ndio wa kufanyia mazoezi tangu sasa: herufi kubwa za kuonekana kutoka dawati la mwisho, mstari usioshuka, na usiandike huku umeligeuzia darasa mgongo dakika tatu nzima.

Kaka yuko sahihi kwamba wapo waliosoma na hawajaajiriwa. Ajira za walimu serikalini sasa zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na tangu mwaka 2025 walimu wamekuwa wakiitwa kwenye usaili. Mtu hasubiri tena kupangiwa kwa kufuata mwaka aliomaliza. Hapo aliyeshika mada za darasani ana nafasi kuliko aliyemaliza zamani akakaa. Ukipata cheti, fungua akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa maombi wa Sekretarieti hiyo, hata kama hakuna tangazo, ujaze taarifa zote taratibu. Tangazo likitoka, siku ni chache na mtandao unazidiwa. Barua ya maombi iwe na saini yako. Vyeti viwe vimethibitishwa na mwanasheria. Na uweke cheti chenyewe cha kidato cha nne, kwa kuwa hati ya matokeo haikubaliwi. Wengi huondolewa kwenye maombi kwa hilo peke yake. Kifuate cheti chako shuleni ulikofanyia mtihani.

Wakati unasubiri, jitolee katika shule ya karibu kwa makubaliano ya maandishi na mwalimu mkuu, na uombe upewe darasa la kwanza au la pili. Shule za Inglishi midiamu nazo huajiri, lakini kwa D yako ya Kiingereza ungehitaji kwanza kukinoa, na usikubali kazi isiyo na mkataba wa maandishi unaotaja mshahara na michango ya hifadhi ya jamii. Ukiajiriwa na serikali, utaripoti halmashauri uliyopangiwa, utakuwa kwenye majaribio ya miezi 12 kabla ya kuthibitishwa, na usitarajie kuhama mapema: walimu wapya hutakiwa kukaa kituo cha kwanza kwa miaka mitatu.

Jina la tatu ndilo la kushughulikia kwanza kuliko yote haya, na tumeliweka mwisho ili usilisahau. Ni tatizo, na linatibika kwa urahisi leo kuliko litakavyokuwa miaka mitatu ijayo. Kanuni yetu ni moja: cheti cha kidato cha nne ndicho kiwe msingi, kwa kuwa ndicho kigumu kubadilishwa, na vingine vyote vikifuate. Bahati yako ni kwamba kitambulisho bado. Usiende NIDA na cheti cha kuzaliwa kama kilivyo, utakuwa umelipanda kosa mahali pa pili. Anza na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukiwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na mzazi au kaka, uulize utaratibu wa kurekebisha jina. Wakikuambia haliwezi kurekebishwa, nenda kwa mwanasheria ukaandikiwe hati ya kubadili jina, na uhakikishe imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati isiyosajiliwa ni kiapo tu. Baada ya hapo ndipo ukajiandikishe NIDA kwa majina matatu yaleyale, herufi kwa herufi, na hayohayo ndiyo ujaze kwenye mfumo wa udahili na benki. Ukishapata namba ya NIDA, linganisha majina yote kwenye karatasi moja kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma maombi ya chuo.